Jioni sita za Waraka kwa Warumi huko Kadutu

Kwa wiki sita, kila Alhamisi saa kumi alasiri, nilihudhuria mafundisho ya Waraka kwa Warumi katika ukumbi wa kanisa moja la Kiprotestanti hapa Kadutu, Bukavu, na ninaandika kwa ajili ya yeyote anayejiuliza kama inafaa kupanda mlima ule baada ya kazi. Kwangu ilifaa, na sababu kubwa ni jioni ya tatu.

Jioni hiyo tulisoma sura ya 3, aya ya 24, inayosema kwamba waamini "wanahesabiwa haki bure kwa neema yake", na mwalimu akatuuliza tunaelewa nini tunaposikia neno haki. Mama mmoja anayeuza vitenge alijibu kwamba haki yake ni kile anachodai: mteja aliyekopa akilipa, mama amepata haki yake. Wengi tulikubaliana naye. Ndipo mwalimu akafungua sura ya 4, ambako Paulo anasema kwamba ujira wa mfanyakazi ni deni wala si neema, ilhali mtu asiye na kazi ya kuonyesha, akimwamini Mungu anayemhesabia haki asiye mtauwa, yaani asiye mcha Mungu, imani yake huhesabiwa kuwa haki. Kitenzi cha Kigiriki kinachotafsiriwa "kuhesabia haki", alieleza, kinatoka mahakamani: hakimu anatamka kwamba mshtakiwa hana hatia.

Kisha akalishika neno bure. Kwetu kitu cha bure ni kisicholipiwa, na kazi bure ni kazi iliyopotea. Maana zote mbili zimo pia katika neno la Kigiriki, dorean, ambalo Paulo analirudia katika Wagalatia 2:21 anaposema kwamba kama haki ingepatikana kwa sheria, basi "Kristo alikufa bure". Nimezisoma aya hizi tangu ujana wangu bila kuziweka pamoja hata siku moja. Nilikumbuka kusanyiko nililolihudhuria zamani, ambako tulifundishwa kwamba bahasha ya sadaka ndiyo hutangulia na baraka hufuata. Nilitoa makuta ya karo ya mtoto, na kwa miaka mingi niliamini kwamba Mungu bado ananidai. Jioni ile nilirudi nyumbani nikilia.

Jioni ya tano ilinisikitisha. Yakobo 2:24, inayosema mtu huhesabiwa haki kwa matendo yake wala si kwa imani peke yake, ilipitiwa kwa dakika chache, ingawa Wakatoliki walikuwa miongoni mwetu na swali la imani na matendo ndilo lililowaleta. Mtaguso wa Trento, mkutano wa maaskofu Wakatoliki uliotoa fundisho lake kuhusu kuhesabiwa haki mwaka 1547, ulitajwa kama upinzani tu, na Tamko la Pamoja kuhusu kuhesabiwa haki ambalo Wakatoliki na Walutheri walilitia saini mjini Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999, wakikiri kwa sauti moja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema peke yake wala si kwa stahili yetu, halikutajwa kabisa. Hilo lilistahili jioni nzima.

Ukumbi ni safi, ada haitozwi, na masomo humalizika kabla ya giza. Fotokopi, hata hivyo, zilikuwa za Kifaransa kitupu, na mama wa vitenge aliniomba nimsomee zake kila wiki. Ninawasihi waandalizi wazitafsiri kabla ya kuanza Wagalatia.