Ruzuku ya TASAF kwa simu: inafaa, ila laini ndiyo mtihani

Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania), ulioanza 2012, umekusudiwa kulipa kaya kila baada ya miezi miwili. Utambuzi wake naupa alama nzuri: mkutano wa kijiji hutaja kaya, kisha dodoso hupima hali ya maisha. Majirani wanajuana, kwa hiyo kudanganya hadharani si rahisi.

Malipo kwa simu yamewaondolea wazee foleni, lakini hapo ndipo wengi hukwama. Laini ya simu husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Vidole vilivyosuguliwa na jembe havisomeki, basi bibi anatumia laini ya mjukuu. Jina halilingani na la orodha ya walengwa, fedha hazitoki. Kabla ya kipindi cha malipo, linganisha jina la kitambulisho, la laini na la orodha, herufi kwa herufi. Kosa lolote lipelekwe mapema kwa mtendaji wa kijiji.

Mahudhurio ya shule na kliniki nayo yafuatiliwe: fomu ya mahudhurio ikichelewa, ruzuku hupunguzwa ingawa mtoto alihudhuria. Hili linaumiza, na halikubaliki.