Uzoefu wangu na FSX: nilivyoitoa milima ya Mbeya kwenye ukungu

Mlima Rungwe nimeuona tangu utotoni. Kwa hiyo simuleta ya ndege, yaani programu ya kuigiza urubani kwenye kompyuta, iliponionyesha kichuguu chenye rangi ya ugali wa mtama uliomwagika, nilijua kuna kitu hakijakaa sawa. Mpwa wangu, mzaliwa wa Tukuyu, alisimama nyuma ya kiti akatazama kidogo, kisha akauliza kwa upole, "Mjomba, hapo ni wapi?" Nikamwambia ni kwao. Akacheka mpaka mteja aliyekuja kutoa kopi akageuka.

Programu yenyewe ni Flight Simulator X, ambayo wengi tunaiita FSX. Ni ya mwaka 2006, na nimeichagua kwa makusudi. Nina kibanda cha kutoa kopi na kuprinti hapa Mbeya mjini, na kompyuta ninayorukia ndege jioni ndiyo hiyohiyo inayoandika CV za watu mchana: ya mezani, ya mtumba, prosesa ya i5, RAM ya GB 8. Simuleta mpya za siku hizi zingeimaliza kabla hata injini haijawaka. Aliyeniuzia aliniapia kwamba itacheza kila kitu. Baadaye nikagundua haikuwa hata na kadi ya picha, nikatafuta GTX 750 Ti iliyotumika. Niliipenda hiyo kwa sababu hula umeme kidogo, na ile niliyoipata haikuhitaji waya wa ziada, maana pawasaplai za kompyuta za ofisini ni dhaifu.

Kosa langu la kwanza ni la aibu, lakini nalisema kwa sababu najua sipo peke yangu. Nilikuwa nimeiacha programu kwenye ukubwa wa 1024 kwa 768, ilhali skrini yangu ni ya 1600 kwa 900. Picha ikivutwa ijae skrini isiyo saizi yake, hata maandishi ya vipimo vya rubani yanavimba. Nilipoweka saizi halisi ya skrini, nusu ya ukungu ikaondoka siku hiyohiyo. Wiki mbili nzima nilikuwa nikiilaumu kadi bure.

Nusu iliyobaki ndiyo iliyonisumbua. Nikafanya anachofanya kila mtu: nikafungua ukurasa wa mipangilio ya michoro nikaburuta kila kitufe mpaka mwisho wa kulia. Miti kwa wingi wote, magari barabarani, ndege nyingine angani, vivuli, maji yanayomeremeta. Matokeo? Ardhi ikawa mbaya kuliko mwanzo! Karibu na ndege kila kitu kinapendeza, ila ukiangalia mbele kidogo unaona uji.

Sababu niliielewa polepole. FSX huitwika prosesa mzigo mkubwa kuliko kadi ya picha, na hapohapo prosesa ina kazi ya kuzileta picha za ardhi na kuzitandika juu ya milima kama shuka, unavyozidi kusonga. Ukiijazia magari na miti, inakuwa kama fundi cherehani mmoja aliyepewa sare za shule nzima mwezi wa Januari. Kitakachochelewa ni ile shuka. Unafika Chimala, picha kali za Chimala bado hazijafika, unatandikiwa zile hafifu.

Basi nikaanza kurudisha nyuma. Magari ya barabarani nikayaweka sifuri, na hapo ndipo nilipoona nafuu kubwa. Ndege nyingine nikaziacha chache sana. Miti na nyumba nikashusha hadi kiwango cha kawaida. Halafu nikafunga kasi ya picha kwenye 24 kwa sekunde, badala ya kuiacha ikimbie inavyotaka. Hili lilinishangaza, kwa sababu nilidhani picha nyingi kwa sekunde ndiyo afya ya mchezo. Kumbe ukiifunga, ule muda ambao prosesa ingeutumia kuchora picha ya 35 au ya 40 inautumia kuleta ardhi. Milima ikaanza kupata mikunjo yake.

Kuna kitufe kingine kidogo ambacho watu hukiruka, cha kuchuja picha. Weka anisotropiki. Chaguo zilizo chini yake huifanya ardhi inayoonekana kwa upande, kama njia ya kurukia iliyonyooka mbele yako, ivurugike baada ya mita chache. Nilipoibadilisha, mistari ya uwanja ikaonekana mpaka mwisho, na kadi haikulalamika hata kidogo.

Kuhusu ukali wa ardhi, kipimo kinashuka hadi sentimita 7 kwa kila nukta ya picha, nami nilikiweka huko kwa tamaa. Hakuna faida. Picha za ardhi zinazokuja na programu zenyewe zina ukali wa kama mita 1 kwa nukta, kwa hiyo sentimita 7 ni za wale walionunua mandhari ya picha halisi za angani. Nimekiacha kwenye mita 1. Vivyo hivyo kwa umbo la milima: kipimo hakiwezi kukuchongea bonde ambalo halimo kwenye data.

Kazi tamu ilikuwa ndani ya faili la mipangilio, fsx.cfg, linalofunguka kwa Notepad ya kawaida. Nakili faili kwanza uweke kwenye flashi, tafadhali. Humo kuna mstari wa LOD_RADIUS, unaoamua ardhi kali ifike umbali gani kutoka kwenye ndege. Kwenye menyu mwisho wake ni 4.5. Mimi niliandika 6.5 kwa mkono, na hapo ndipo Rungwe ilipozaliwa upya. TEXTURE_MAX_LOAD, yaani ukubwa wa juu wa picha zinazopakiwa, nayo niliipandisha kutoka 1024 hadi 4096 kama wengi wanavyoshauri, ila kwa mandhari ya kawaida sikuona tofauti ya kusimulia. Inawafaa zaidi wenye ndege na mawingu ya kuongeza. FIBER_FRAME_TIME_FRACTION, yaani sehemu ya muda wa prosesa inayotengwa kuleta ardhi, inakuja na 0.33, nikajaribu 0.5. Ardhi ikawa kali kweli, lakini ndege ikawa inaruka kwa kwikwi. Nikairudisha.

Angalizo moja: programu hii ni ya biti 32, haiwezi kutumia zaidi ya GB 4 za kumbukumbu hata ukiwa na GB 16. Siku niliyoiandikia LOD_RADIUS 8.5 ilinitupa nje nikiwa juu ya Makambako, bila kwaheri.

Safari yangu ya majaribio ni moja, Mbeya hadi Iringa kwa Cessna 172, futi 9,500. Mstari ulionyooka ni kama kilomita 285, saa moja na nusu hivi ukihesabu kupaa na kushuka. Ndege ya polepole husaidia pia, maana jeti ikiruka chini huikimbia ardhi kabla haijatandikwa. Unaondoka kilele cha Loleza kikiwa nyuma, unakatisha juu ya Uyole, Rungwe iko kulia kwako kwa mbali, na kilele chake kimekuzidi kidogo kwa sababu kinapita futi 9,700. Kisha kushoto Usangu inafunguka bapa kama meza, kulia kuta za Kipengere zinapanda kuelekea Kitulo. Sasa hivi kuta hizo zina makorongo yanayohesabika. Kabla ya hapo ilikuwa blanketi la kijani.

Isikudanganye lakini. Nyumba zimemwagwa kwa kukisia, Mwanjelwa ninayoijua haimo, na Uwanja wa Songwe nao haumo kwa kuwa ulifunguliwa 2012, miaka sita baada ya programu kutoka. Natua uwanja wa zamani wa mjini. Kwa mtu anayetaka kuuona mtaa wake, hii si programu yake. Kwa anayetaka milima na mabonde kwa kompyuta ya mtumba, naipa nyota nne bila kusita.

Juzi nilitoka kwenda kununua wino. Niliporudi nikamkuta mpwa wangu angani juu ya Igawa, amefurahi kwelikweli: alitaka mabasi yaonekane barabara kuu, akaburuta kitufe cha magari hadi mwisho. Mabasi hayakuwepo, vigari tu. Na kwa kuwa ukigusa menyu ya michoro programu huliandika upya faili lake, LOD_RADIUS ilikuwa imerudi 4.5 na Rungwe imekuwa ugali tena. Nikachomoa flashi mfukoni.