Goti la Lamu, tabibu wa Malindi: uzoefu wangu wa vikao sita

Mimi ni fundi wa nakshi. Milango, masanduku na viti vya enzi nimevichonga miaka thelathini na moja nikiwa nimeketi chini, mguu wa kulia nimeukunja, wa kushoto nimekanyagia ubao usiteleze. Hilo lililokuwa likikunjwa ndilo goti ninalolizungumzia hapa, na tiba niliyolipelekea Malindi ni kairopraktiki, ya kusukuma mgongo na viungo kwa mikono.

Mwanzo lilikuwa likilia tu kama bawaba kavu. Kisha likaanza kuuma nikishuka ngazi, na anayezijua nyumba za mawe za Lamu anazijua ngazi zake: vipandio virefu na vyembamba, kuta zimekubana huku na huku. Gari la kukufikisha mlangoni hakuna. Kuna punda, na punda naye ana siku zake. Nilipojiona nasali kwa kiti msikitini, umri wangu 54, mbele yangu wazee wa miaka themanini wanasujudu, nilisema hapana.

Nitaje mapema niliyokwisha kujaribu, asije mtu akaniuliza. Hospitali walinipiga eksirei, daktari akasema gegedu, ile tabaka laini inayozuia mifupa ya kiungo isisuguane, limelika upande wa ndani. Vidonge vya maumivu vilinituliza goti vikanichoma tumbo. Shangazi yangu, ambaye amekanda nusu ya mtaa wetu, hakuniacha pia: "Ndoo nikukande." Mafuta ya simsim yaliyopashwa moto, nusu saa, na usiku huo nalala. Asubuhi goti ni lile lile.

Kairopraktiki nilitajiwa na mteja wangu mmoja wa Malindi. Nilidhani ni fiziotherapia iliyobadilishwa jina. Sivyo. Ilianza mwaka 1895 mjini Davenport, Iowa, Marekani, kwa mtu aitwaye Daniel David Palmer, aliyesema amemrudishia mtu usikivu wa masikio kwa kumsukuma pingili ya mgongo. Basi tangu asili ni tiba ya mgongo. Ningelijua hilo kabla sijatoa pesa, ningeuliza maswali zaidi.

Safari peke yake ni mtihani. Mashua ya alfajiri hadi Mokowe, kisha basi: Witu, Garsen, Malindi. Lami ipo sasa, lakini kiti cha basi ni kile kile na goti linabaki limekunjwa njia nzima. Niliposhuka stendi nilisimama kidogo nimeshikilia mlango wa basi, watu wananipita.

Kikao cha kwanza ndicho nitakachokisifu. Tabibu hakuligusa goti kwa muda mrefu. Alinitembeza pekupeku, akanipandisha kipandio, akanichuchumaza, akatoa futi kama ya fundi cherehani akanipima mapaja yote mawili. La kulia lilikuwa limesinyaa sentimita mbili. Wote walionitibu nyuma walilitazama goti, hakuna aliyetazama paja. Nilimwelewa mara moja, maana kwetu mlango ukikwama huukimbilii na randa. Unatazama kwanza miimo na bawaba.

Baada ya hapo akanilaza kitandani, akanigeuza ubavu, akanisukuma kiunoni. Kra! Nilidhani amenivunja. Akaendelea na nyonga na kifundo cha mguu, na goti lenyewe akalivuta polepole tu, bila kishindo. Mwenyewe alinieleza kwamba mlio ule si mfupa unaorudi mahali pake, ni gesi iliyomo kwenye ute wa kiungo, na kwa ukweli huo nilimpenda. Alipotaka kunigeuza shingo nilikataa. Shingo yangu haina kesi na mtu.

Nilishuka ngazi za pale bila kushika ukuta. Siku mbili nilikuwa mtu mwingine, ya tatu maumivu yakarudi. Kikao cha pili hivyo hivyo, na cha tatu. Hapo ndipo nilipoambiwa kwamba mgongo wangu ndio unaoliumiza goti, kwa hiyo nilipe vikao kumi na viwili kwa pamoja nipunguziwe bei. Picha yangu ya eksirei ilikuwa mezani, gegedu lililolika linaonekana, na mgongo haujawahi kuniuma. Nililipa kimoja kimoja, shilingi 3,500 kila kimoja, nikaishia sita. Jumla 21,000, bado nauli na malazi.

Kilichonisaidia hasa kilikuwa kwenye karatasi moja aliyonipa bure kikao kile cha kwanza. Taulo lililokunjwa chini ya goti, unalikandamiza kwa kukaza paja. Mguu ulionyooka, unauinua taratibu na kuushusha taratibu zaidi. Kuinuka kitini na kukaa bila kutumia mikono. Mara kumi, awamu tatu, kila siku. Wiki mbili za kwanza nilizifanya kwa uvivu, sikuona kitu. Nilipoacha uvivu, kufikia wiki ya nane ngazi zilianza kunihurumia. Akanishauri na uzito pia, kwamba kila kilo unayopunguza, goti linapunguziwa mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Nimetoka 91 hadi 86, na mahamri yangu ya asubuhi sasa ni moja. Hilo liliniuma kuliko kusukumwa kiuno.

Tena nikajichongea meza ya kazi ya kimo cha kiuno na kigoda kirefu. Mafundi wenzangu walicheka, wakasema nimekuwa karani. Wawili wamekuja tangu hapo kuchukua vipimo.

Je, nimtume mtu? Mwenye kiuno kinachouma pamoja na goti, aende akajaribu, akatae kulipa mkupuo. Mwenye goti tu kama langu, mtaalamu wa fiziotherapia wa hospitali atampa mazoezi hayo hayo kwa pesa kidogo. Na goti lililovimba ghafla, likawa jekundu na la moto, au lenye homa, lisipelekwe kuvutwa na mtu yeyote. Hilo ni la daktari, siku hiyo hiyo.

Tabibu wa Malindi nampa nyota tatu, mbili kati yake ni za ile futi. Alfajiri bado nasali kwa kiti, goti likiwa halijaamka. Adhuhuri naketi chini na wenzangu. Shangazi naye bado ananikanda kila Alhamisi usiku, na habari za Malindi hataki kuzisikia.