Filimbi ya bati ya Clarke, ki ya D: nunueni, ila mtafutieni mtoto na mtu wa kumfundisha

Kwa wazazi mnaouliza mtoto aanze na ala gani akitaka muziki wa Ireland, mimi nasema filimbi ya Clarke Original ya D (yaani noti yake ya chini kabisa ni D), ile nyeusi yenye madoido ya dhahabu. Ni bati tu limekunjwa likawa bomba, pana juu jembamba chini, matundu 6, mdomoni kuna kipande cha mbao, basi. Robert Clarke alianza kuzitengeneza Uingereza mwaka 1843 na mpaka leo umbo ni lile lile.

Sauti yake ina upepo upepo hivi, laini, naipenda mno, ila inakula pumzi kwahiyo mtoto mdogo anaweza kuchoka mapema. Akichoka mpeni filimbi ya kampuni nyingine, Generation, ya shaba yenye mdomo wa plastiki, haitaki pumzi nyingi na sauti inatoka kali zaidi. Kingine, Original huwezi kuitune maana mdomo hausogei, na msiikalie jamani, bati linapinda.

Sasa bei. Ni ndogo kiasi kwamba ikipotea unanunua nyingine bila kuumia, na kwa familia iliyohamia ugenini hilo ni jambo kubwa sana, maana fidla au kodiani sio kila baba anamudu kumnunulia kila mtoto ila filimbi hata watoto 6 mnapiga. Mcheki mpiga filimbi Joanie Madden, kazaliwa Bronx, New York, baba yake Joe katoka Galway, Ireland, na alikuwa mpigaji hodari wa kodiani, binti akajifunza filimbi kwa Jack Coen, naye mtu wa Galway aliyehamia huko huko, na mwaka 1984 akachukua ubingwa wa Ireland nzima wa filimbi kwa wakubwa, Mmarekani wa kwanza kuupata! Mwaka uliofuata likaanza kundi la Cherish the Ladies, la wanawake pekee, wengi mabinti wa wahamiaji wanamuziki, na jukwaani wanapanda na wachezaji kabisa, yaani muziki na dansi havitenganishwi.

Na hapo ndo nasisitiza, msinunue mkamwachia mtoto video peke yake. Huu muziki unashikwa kwa sikio, mkubwa anapiga kipande kifupi, mtoto anarudia, anapiga tena, anarudia, mpaka tuni nzima imekaa, zile pambo za vidole nota hazikuonyeshi vizuri. Kama anaenda na darasa la dansi ndo bora zaidi, ril na jigi, yaani aina za tuni za kuchezea, atakuwa anazijua miguuni kabla vidole havijafika.

Angalieni tu isiwe ya C, zipo na zinafanana sana kwa macho. Wenzake wengi darasani watakuwa na D, akija na C hataweza kupiga nao pamoja.