Tairi la mpira laini kwenye mvua za Dodoma: uzoefu wangu

Bei yake imechangamka kuliko matairi tuliyozoea, na linaisha haraka. Bado nitalinunua tena, angalau la mbele.

Naendesha bodaboda, kituo changu kipo Nkuhungu. Nilifunga mbele na nyuma mvua zilipoanza Desemba. Siku za mwanzo za mvua hapa ndizo mbaya: vumbi la kiangazi kizima linachanganyika na oili iliyodondokea lami, barabara inakuwa utelezi mtupu. Lile gumu la zamani, ukigusa breki tu nyuma inaburuzika. Hili linashika, hata nikiwa na abiria na gunia.

Kijiweni wengi wanaangalia kashata peke yake, yaani ile michongo ya juu ya tairi. Kashata kazi yake ni kutoa maji. Lakini hata yakitoka, unabaki utando mwembamba unaozuia mpira kunata kwenye lami. Hapo kinachookoa ni mpira wenyewe: kokoto za lami zinaubonyeza, nao unachelewa kurudi. Katika kule kuchelewa, nguvu ya mwendo inageuka joto, na ndiyo inayokuzuia usiserereke. Mpira uliokauka haubonyei vya kutosha.

Dukani Majengo nilibonyeza kwa ukucha: alama ikabaki, ikafutika polepole. La pembeni yake, lililoanikwa juani nje ya duka, ukucha uliteleza tu. Soma pia tarakimu nne ubavuni. 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira unazeeka hata bila kutembea, na jua letu halina huruma.

Lisikosaidia ni kwenye michoro ya zebra iliyolowa na mifuniko ya chuma. Pale pamenyooka, hakuna kokoto za kuubonyeza mpira, kwa hiyo tairi la bei yoyote linateleza. Pita wima, breki uiache.

Kasoro nyingine ni mafuta. Kule kubonyea na kuchelewa kunakula nguvu hata ukienda zako tu. Kwenye magari, kampuni ya Michelin walileta matairi yenye silika (unga wa madini unaochanganywa kwenye mpira) mwaka 1992, yanashika kwenye maji bila kula mafuta sana. Ya pikipiki kwa bei ya mfuko wetu sijakutana nayo.

Kwa kiangazi nimerudisha gumu nyuma. Mbele nimeacha laini, maana ukishika breki uzito mwingi unakimbilia huko.