Achari ya siki au ya chumvi, Julai hii Lubumbashi?

Baridi ya Julai ikishaingia, ubishi ni ule ule: kabichi na karoti zimiminiwe siki, au zichachuke kwa chumvi?

Kwa bei, chumvi haina mpinzani: gramu 20 kwa kilo ya mboga, basi. Siki ni chupa nzima ya kununua. Ila siki haijali baridi. Unamimina leo, kesho unakula. Chumvi inategemea bakteria, nao hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi 18 hadi 22. Usiku wetu sasa uko chini kabisa ya hapo, kwa hiyo kazi ya wiki moja huweza kufika tatu. Weka chupa ya mboga jikoni, karibu na mbabula (jiko la makaa) lakini mbali na moto wenyewe. Kila siku kandamiza mboga zizame kwenye maji yake, legeza kifuniko hewa itoke. (Munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi kinachochachushwa kwa mzizi, nao huchelewa wiki hizi, tusiulaumu mzizi.)

Kwa ladha mimi ni wa chumvi: uchachu wake hauchomi koo, na yale maji meupe-meupe yanafaa hata kwenye maharage.

Mwenye wageni Jumamosi achukue siki. Anayeshinda nyumbani na hana haraka, atie chumvi.