Miaka minne na SUV ndogo ya kifahari: gari lilishuka bei, spea hazikushuka

Gari hili nililinunua mkono wa pili likiwa na umri wa miaka 7 na kilomita 96,000. Leo limefika 158,000. Ni SUV ndogo ya Kijerumani yenye injini ya petroli ya lita 2, turbo, giaboksi otomatiki ya gia 8, na inavuta kwa magurudumu yote manne. Jina silitaji, wenye magari ya aina hii watajitambua kabla ya kumaliza aya mbili.

Kilichonivuta ni bei. Gari ambalo likiwa jipya nisingethubutu hata kuuliza lilikuwa linauzwa kwa bei ya kigari kipya cha kawaida, na nikajiona nimeokota dodo chini ya mwarobaini. Nilichosahau ni kwamba gari huzeeka likashuka bei, lakini spea zake hazina habari na uzee huo. Pampu ya maji ananunua kwa bei ileile aliyelitoa dukani jipya na mimi niliyelipokea likiwa limechoka. Na fundi anahesabu saa zake vilevile.

Kwa kuwa bei hutofautiana sana, gharama zangu nitazitaja kwa kipimo nilichozoea kutumia mwenyewe: "sevisi" moja, yaani oili, filta na ujira wa fundi kwa siku ya kawaida ya kubadilisha oili.

Tatizo la kwanza lilikuja kwa harufu. Kila niliposimama kwenye taa, kiyoyozi kilileta harufu ya oili inayoungua. Wiki nzima nililaumu magari ya mbele yangu. Kumbe tapeti kava, kifuniko cha juu ya injini, ilikuwa inavujisha, oili inatiririka hadi kwenye eksozi ya moto. Kava yenyewe ni ya plastiki na ilishapinda kwa joto, kwa hiyo kubadilisha gasketi peke yake kusingesaidia. Mwezi mmodi baadaye ikavuja gasketi ya nyumba ya filta ya oili. Hii ndiyo iliyonifundisha gari hili. Gasketi yenyewe ni kipande cha mpira kinachoenea kiganjani, bei yake haifiki hata ya filta, lakini kuifikia ni lazima manifoldi ya hewa, mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini, ifunguliwe, na hapo saa 4 za fundi zinaondoka. Kazi zote mbili: sevisi 5.

Nilitaka kuahirisha ile ya pili. Fundi akanionyesha mkanda unaozungusha oltaneta, umeanza kulowa oili. Mkanda uliolowa huteleza na kutoka kwenye puli, na kwenye baadhi ya injini za aina hii vipande vyake huvutwa kupita sili ya krenki, mpira unaozuia oili isivuje kwenye shafti kuu, hadi ndani ya injini. Sikuahirisha.

Kisha maji ya kupozea. Kilomita 121,000. Kiwango kilikuwa kinashuka kidogokidogo na chini ya gari hakuna hata tone, kwa sababu yalikuwa yakivuja juu ya injini ya moto na kukauka hapohapo, yakiacha ukoko tu. Mimi nikawa naongeza maji na kuendelea na safari zangu, wiki tatu. Dashibodi ya gari langu haina mshale wa joto. Ina taa tu, na taa ikiwaka nyekundu umeshachelewa. Iliwaka barabara kuu. Nilizima injini palepale, na nadhani hilo ndilo lililookoa silinda hedi. Nyumba ya themostati, kifaa kinachodhibiti joto la maji ya injini, ilikuwa imepasuka, plastiki nyingine hiyo, imekaangwa miaka mingi hadi ikawa kama biskuti. Nilibadilisha pampu, themostati na mabomba mawili kwa mkupuo: sevisi 7. Ukinunua gari kama hili nalo limekaribia kilomita 120,000, vibadilishe kabla havijakuchagulia siku.

Giaboksi haikuharibika, ila ilianza kushtuka ikishuka gia ya pili kwenda ya kwanza. Kitabu cha gari kinasema oili yake ni ya maisha. Maisha ya nani, hakisemi. ZF, kampuni inayotengeneza giaboksi za gia 8 kwa magari mengi ya kifahari, yenyewe inashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Sampu, bakuli la oili chini ya giaboksi, ni ya plastiki na filta imejengwa humohumo, kwa hiyo unanunua vyote pamoja. Sevisi 5, na mshtuko ukaisha. Kazi hii usimpe kila fundi: kiwango cha oili hupimwa injini ikiwa inawaka na oili ikiwa kwenye joto maalumu, si kwa kukisia.

Sasa kosa langu kubwa, na sina wa kumlaumu. Matairi ya mbele yaliisha, nikanunua mawili tu, ya kampuni nyingine, saizi ileile. Baada ya wiki chache gari likawa linang'ang'ania kila nikikata kona kali maegeshoni, kama limeshikwa kwa nyuma. Saizi iliyoandikwa ubavuni mwa tairi haimaanishi mzunguko unalingana, hasa jipya likiwekwa na lililolika. Mfumo wa kugawa nguvu mbele na nyuma huona tofauti hiyo kama utelezi, klachi zake zikafanya kazi bila kupumzika na kupata moto. Nilibahatika, matairi manne mapya na oili mpya ya mfumo huo vilitosha. Lakini haya ni matairi ya kutembea bila upepo, na gari halina tairi la akiba. Sevisi 9. Bado inaniuma.

Mikono ya suspensheni na bushi za mbele, sevisi 6. Koili na plagi, baada ya kompyuta kuonyesha kodi ya hitilafu P0301, yaani silinda ya kwanza haiwaki sawasawa, sevisi 2. Betri, sevisi 2, na kompyuta ya gari lazima iarifiwe kwamba betri ni mpya, la sivyo itaendelea kuichaji kama ile kuukuu. Hesabu yote imefika 36, mbali na sevisi 7 za kawaida ninazofanya kila kilomita 8,000, ingawa kitabu kinaruhusu zaidi ya mara mbili ya hapo.

Zulia lililolowa halikunigharimu kitu. Mifereji ya dirisha la paa ilikuwa imeziba vumbi na majani. Niliizibua kwa uzi wa nailoni wa mashine ya kukatia nyasi. Usipulize kwa kompresa, mabomba yake ya mpira huchomoka ndani ya dari.

Kwa spea, jifunze nani anakitengenezea kiwanda cha gari kifaa unachokitafuta. Mara nyingi yeye huyo anakiuza kwenye boksi lake mwenyewe, bila nembo ya gari, kwa bei nafuu. Mikono ya mbele niliinunua hivyo na haina tatizo. Sensa ya bei ya kutupa iliishi miezi mitatu.

Nikiwa nalo barabara kuu, limetulia kwenye kona na gia zinapita bila kuzihisi, hesabu zote hizi huwa nazisahau, na ndiyo maana sijaliuza. Ila wiki mbili hizi, asubuhi injini ikiwa baridi, nasikia mchakacho wa sekunde mbili kisha unapotea. Nashuku cheni, ile inayoendesha vali, na ya injini hii imewekwa nyuma, upande wa giaboksi, kuifikia si kazi ndogo. Fundi amesikiliza, akafunga boneti taratibu, akaniambia nianze kuweka akiba. Hakuniambia ngapi, nami sikumuuliza.